Nani Hana Shimo Ubaoni? Uhakiki wa Mchezo wa Vita na Mapokezi Yake

Utangulizi

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na masimulizi ya wazee peke yake. Umo pia katika michezo ambayo watu wake huipenda, kwa sababu mtu anapocheza huonyesha kile anachokiona kuwa ushindi, kile anachokiona kuwa aibu, na nani anayemhesabu kuwa mtu. Kwa muda mrefu sisi waandishi wa uhakiki tumeshughulika na riwaya, tamthilia na ushairi, tukaiacha michezo mikononi mwa makocha na waamuzi. Makala haya yanajaribu kuuhakiki mchezo mmoja wa vita unaochezwa katika kompyuta, na hasa nyongeza yake moja, kwa vigezo vile vile ambavyo mwalimu wa sekondari huvitumia darasani kila siku, yaani fani na maudhui.

Nilivutwa kwenye jambo hili nikiwa Kasulu katika kazi za serikali. Jioni moja ya mvua, mwalimu kijana aliyenikaribisha nyumbani kwake alikuwa na kompyuta mezani, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu walikuwa wakicheza kwa zamu. Baada ya kuniamkia, mmoja wao aliniuliza: “Mzee, huu mchezo unaitwa Falme za Kiafrika. Mbona Wareno wamo?” Nilimjibu kwa maneno machache kuhusu Kilwa na Mombasa. Mwenzake, kijana aliyekulia Makere, kijiji kilicho jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alikuwa kimya muda wote. Kisha naye akauliza, bila kuondoa macho kwenye kioo: “Na hawa wanakijiji wakikimbia, wanakwenda wapi?”

Swali la kwanza ni la mhakiki, na limekwisha kuulizwa na wengi duniani. Swali la pili sikupata kulisikia mahali pengine. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali la pili ndilo zito zaidi, na kwamba watu wa nyanda za juu za Kigoma wana haki ya kuliuliza kuliko wengi wengine.

Mchezo Wenyewe

Kwa faida ya msomaji ambaye hajauona, yafaa nieleze mchezo huu kwa ufupi. Jina lake ni Age of Empires II. Ulitolewa mwaka 1999 na watengenezaji wa Marekani, kampuni ya Ensemble Studios, na kuuzwa na Microsoft. Ni mchezo wa mkakati, lakini haufanani na drafti wala sataranji, ambamo kila mmoja humngoja mwenziwe acheze. Humu saa haisimami. Wakati wewe unafikiri, adui yako anajenga, anavuna na anakuja. Mchezaji huanza na wanakijiji wachache na jengo moja la mji. Wanakijiji hutafuta chakula, hukata miti, huchimba dhahabu na mawe. Mali ikikusanyika, mji huvuka kutoka zama moja hadi nyingine, ukapata majumba makubwa zaidi na askari wenye silaha bora zaidi. Mwisho wake kwa kawaida ni upande mmoja kuuangamiza mwingine, au kuufanya ukiri kushindwa.

Nyongeza ya mchezo ni kama sura mpya zinazotiwa katika kitabu kilichokwisha kupendwa: kanuni za msingi hubaki, ila huingizwa watu wapya, silaha mpya na hadithi mpya. Tarehe 5 Novemba 2015, miaka 16 baada ya mchezo wa awali, ilitolewa nyongeza iitwayo The African Kingdoms. Iliingiza mataifa manne: Waberberi, Waethiopia, Wamali na Wareno. Ilileta pia hadithi nne za kuchezwa hatua kwa hatua: ya Tariq ibn Ziyad aliyevuka kwenda Hispania mwaka 711, ya Sundjata, mwanzilishi wa dola ya Mali katika karne ya 13, ya Yodit, malkia anayesimuliwa katika mapokeo ya Ethiopia, na ya Francisco de Almeida, Mreno aliyeteuliwa kuwa mtawala wa kwanza wa mfalme wake katika nchi za Bahari ya Hindi.

Mapokezi ya Wachezaji: Fani

Mhakiki wa kwanza wa mchezo ni mchezaji, kama vile mhakiki wa kwanza wa ngoma ni mguu wa mchezaji wake. Kwa jumla wachezaji wa zamani waliipokea nyongeza hii kwa furaha. Wengi wao walikuwa wameanza kuucheza mchezo huu wakiwa wanafunzi, na sasa walikuwa watu wazima wenye kazi na watoto. Kuona kazi ya mwaka 1999 ikipewa pumzi mpya mwaka 2015 kulikuwa kwao kama kukutana na rafiki wa shuleni.

Jambo walilolijadili kwa bidii zaidi ni ulinganifu wa nguvu baina ya mataifa. Sisi washairi tuna neno linaloeleza jambo hilo vizuri, nalo ni mizani. Shairi likizidi silabi moja, sikio lililozoea hulikataa hata kabla akili haijajua sababu. Vivyo hivyo mchezaji mzoefu huhisi upesi taifa moja linapozidishiwa nguvu. Waberberi walipewa askari wa farasi kwa gharama pungufu. Waethiopia hupata dhahabu 100 na chakula 100 kila wanapovuka zama. Majengo ya Wamali huhitaji miti michache kuliko ya wengine. Wareno wana nyumba ya biashara iitwayo feitoria, ambayo huingiza mali polepole bila kikomo, lakini hula nafasi 20 za watu katika mji ambao kwa kawaida hauruhusiwi kuzidi watu 200. Je, nafasi 20 ni bei ya haki? Juu ya maswali ya namna hiyo wachezaji walibishana kwa makini ambayo ningependa kuyaona katika mijadala yetu ya vina.

Walisifu pia usimulizi wa zile hadithi nne, na lugha. Katika mchezo huu kila askari na kila mwanakijiji huitika kwa lugha ya taifa lake anapopewa amri. Waethiopia huitika kwa Kiamhari, Wamali kwa Kibambara. Jambo hili si dogo. Kijana wa Bamako au Gondar anayesikia lugha ya nyanya yake ikitoka katika mashine iliyotengenezwa ughaibuni amepewa heshima fulani, hata kama heshima hiyo imekuja kwa njia ya amri za vita.

Lakini ukiisoma fani peke yake unaweza kukaa siku nyingi na mchezo wa vita bila kuuliza vita ni nini. Mchezaji hodari hujua kwamba mwanakijiji mmoja hugharimu chakula 50. Kwa hiyo mwanakijiji akiuawa, hasara yake imekwisha kujulikana, nayo ni chakula 50 na muda wa kumpata mwingine. Simlaumu mchezaji kwa hesabu hiyo, maana kanuni ndizo zilizomfundisha. Nataka tu tuikumbuke tutakapofika mbele.

Mapokezi ya Wahakiki: Maudhui

Wahakiki walikuja na swali la kijana wetu wa kwanza. Nyongeza iliyoitwa Falme za Kiafrika ilikuwa na nafasi nne tu, na moja kati ya hizo nne walipewa Wareno. Waliouliza kwa nini hawakukosa hoja. Bara zima lenye Kongo, Benin, Zimbabwe Kuu, Kanem na miji ya Waswahili lilibakiwa na nafasi tatu. Watetezi walijibu kwamba Wareno walihitajika ili kuisimulia Afrika ya wakati huo. Jibu hilo lina ukweli nusu. Ni kweli kwamba pwani yetu haiwezi kusimuliwa katika karne ya 16 bila Mreno. Lakini kumtaja mtu katika hadithi si sawa na kumpa yeye kiti cha msimulizi.

Na hapa ndipo Mtanzania anapoguswa moja kwa moja. Francisco de Almeida ambaye mchezaji hupewa kumwongoza ndiye yule yule aliyefika Kilwa mwezi Julai 1505 na kuiteka. Mtawala wake, Ibrahim, alikimbia. Wareno wakamweka mtu waliyemtaka wao na kujenga ngome, ambayo waliiacha mwaka 1512. Kutoka Kilwa Almeida alikwenda Mombasa, ikatekwa na kuchomwa moto mwezi Agosti mwaka ule ule. Kilwa hii si mahali pa kubuni. Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 na kuisifu, na magofu yake yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Basi mwanafunzi wa Kitanzania anayeifungua hadithi ile huketishwa kwenye merikebu ya Almeida. Hapewi kuketi barazani Kilwa akaona matanga yakija. Waswahili si taifa linaloweza kuchaguliwa katika nyongeza ile.

Wahakiki waligusa pia usahihi wa historia. Wamali wamepewa kikosi cha wanawake warusha visu kiitwacho gbeto. Jina hilo ni la Dahomey, katika nchi ya Benin ya leo, nako lilihusu wanawake wawindaji wa tembo. Dahomey ilianza kuwa dola katika karne ya 17, na Sundjata alishinda vita vyake vikubwa vya Kirina mwaka 1235. Kati ya mambo hayo mawili pana miaka ipatayo mia nne na safari ndefu ya njiani. Mwalimu wa historia akiona mwanafunzi amechanganya hivyo katika mtihani atampunguzia alama, na atakuwa na haki.

Yapo pia makaribisho ya namna nyingine ambayo utamaduni wetu umeyapata katika michezo ya aina hii. Mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005 ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, “Baba Yetu”, uliotungwa muziki wake na Mmarekani Christopher Tin, na mwaka 2011 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka katika michezo ya kompyuta. Mwaka 2018 Kilwa Kisiwani ilitiwa katika nyongeza ya Civilization VI kuwa mojawapo ya maajabu ya dunia ambayo mchezaji yeyote anaweza kuyajenga. Lugha yetu ikawa wimbo wa kufungulia, na mji wetu ukawa jengo la kushindaniwa. Ni heshima, nami naipokea. Lakini watu waliosema lugha ile na kuishi katika mji ule bado hawamo humo kama watu.

Hoja hizi za wahakiki ni za kweli, na kila mwalimu azifundishe. Ila zina upungufu wake. Tuseme kwamba watengenezaji wangezisikia zote. Wareno wangeondolewa, Waswahili wangewekwa, na gbeto angerudishwa Dahomey. Tungekuwa na mchezo ulio sahihi zaidi, ambamo Mswahili naye anaweza kuchoma miji ya watu. Je, tungekuwa tumemjibu yule kijana wa Makere?

Vita Kama Tuijuavyo Buha

Nchi ya Waha ilikuwa na falme zake, Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru na nyinginezo, kila moja na Mwami wake. Ilikuwa na mizozo yake pia. Lakini vita vikubwa vya karne ya 20 viliwafikia Waha kama wapita njia. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalishuka kuwafukuza Wajerumani, yakaingia Kigoma mwishoni mwa Julai na Tabora mwezi Septemba. Buha ikawa chini ya Wabelgiji hadi 1921, kisha ikakabidhiwa kwa Waingereza. Majeshi ya wakati ule yalitembea kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Katika ramani za majenerali palikuwa na mishale. Nyuma ya kila mshale palikuwa na mstari mrefu wa watu waliobeba mizigo isiyokuwa yao.

Baadaye watu wa Kasulu na Kibondo wakaijua vita kwa njia nyingine, yaani kwa kuwaona waliokimbia. Walikuja mwaka 1972 kutoka Burundi. Walikuja tena mwishoni mwa 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba. Mwaka 1996 vita vya Kongo viliwaleta watu wa Kivu ya Kusini kuvuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Majina ya vijiji na misitu yetu yakawa majina ya kambi: Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mkugwa, Mtendeli, Nduta. Kisha ukaja mwaka 2015. Tangu mwezi Aprili Warundi walianza kuvuka mpaka, na kabla mwaka haujaisha walioingia Tanzania walikuwa wamezidi laki moja. Nyarugusu ikafurika, ikawa na watu zaidi ya 150,000, na mwezi Oktoba kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya.

Msomaji naomba aziweke tarehe hizi mbili kando kwa kando. Oktoba 2015 mahema yanasimikwa Nduta. Novemba 2015 Falme za Kiafrika zinatolewa kwa wachezaji wa dunia. Sisemi kwamba watengenezaji wa mchezo walikuwa na kosa lolote katika jambo hilo. Hawakujua, na hawakulazimika kujua. Nasema tu kwamba katika mwaka ule ule palikuwa na Afrika mbili za vita. Moja ilikuwa na wafalme, ngome na vikosi. Nyingine ilikuwa na mama mwenye sufuria kichwani, mtoto mgongoni na mwingine akimshika upindo wa kitenge. Yule kijana wa Makere alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Aliona hiyo ya pili kabla hajaijua hiyo ya kwanza.

Kengele ya Mji

Sasa turudi kwenye mchezo tulitazame swali lake. Ndani ya Age of Empires II iko kengele ya mji. Adui akivamia, mchezaji huigonga, na wanakijiji wote huacha majembe na mashoka wakakimbilia ndani ya jengo la mji na minara iliyo karibu. Hatari ikipita, kengele hugongwa tena, na kila mmoja hurudi kwenye kazi aliyoiacha. Ni kanuni nzuri kwa upande wa fani, na wachezaji hodari huitumia kwa ustadi.

Basi jibu la swali la kijana ni hili: wanakwenda ndani ya jengo, kisha wanarudi kazini. Jengo likibomolewa, hutoka nje na kuuawa. Hakuna barabara inayotoka nje ya ramani. Hakuna mwanakijiji aliyewahi kubisha hodi katika mji wa mchezaji wa tatu akaomba maji. Hakuna mtoto, kwa sababu kila mwanakijiji huzaliwa mtu mzima akiwa tayari kwa kazi. Hakuna mzee. Hakuna aliyebaki baada ya vita akakumbuka. Mchezo umehesabu kila kitu cha vita, miti, mawe, dhahabu, chakula, isipokuwa mtu ambaye vita imemshinda naye hajafa.

Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa la maudhui yake, kubwa kuliko la Wareno. Na pengo hili haliyahusu Marekani peke yake. Nimeyapekua mashairi yangu mwenyewe ya kusifu mashujaa, nikakuta silaha, bendera na damu, wala sikumkuta hata mtu mmoja mwenye mkeka kichwani. Washairi waliotutangulia waliimba vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 kwa ufundi mkubwa, na kwa haki, maana nchi ilivamiwa. Lakini wanavijiji wa kaskazini ya mto Kagera waliohama kukimbia majeshi ya Amin hawakupewa beti nyingi kama walizopewa waliokwenda kupigana. Hata vitabu vyetu vya historia hutaja sultani aliyekimbia Kilwa mwaka 1505, na huwasahau waliokimbia naye. Kwa hiyo tunapounyoshea mchezo wa wageni kidole, tukumbuke kuvitazama na vidole vinavyotuelekea wenyewe.

Bao Letu

Mtu ataniuliza: je, mchezo upi wa vita umewahi kuwa na mkimbizi? Sataranji haina. Hata bao letu halina. Hoja hii ni nzuri, na bao lastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu ndilo mchezo wa vita tuliorithishwa sisi wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alilipenda na kulicheza. Jirani zetu wa Burundi wana ikibuguzo, wa Rwanda wana igisoro, na wa Uganda wana omweso. Ni ukoo mmoja.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Lina nyumba, lina kichwa na kimbi, lina kunamua na lina mtaji. Lugha yake ni ya vita: mtu hula, huliwa, huteka. Lakini litazame jambo moja. Katika drafti na sataranji, kinacholiwa hutolewa nje ya ubao. Katika bao kete haitoki. Ukizila kete za mwenzio huzichukua na kuzitawanya katika mashimo yako, nazo tangu hapo zinakwenda pamoja na zako wala hakuna anayeweza kuzitofautisha. Mchezo ulioanza kwa kete 64 huisha na kete 64.

Sitaki kulipamba bao kupita kiasi. Kete iliyotekwa haikuulizwa kama inataka kuhama. Ni mateka, na inatumikishwa dhidi ya ndugu zake wa jana. Mwenye kuona humo biashara ya watumwa hatakuwa amekosea kabisa. Vile vile ni haki kukiri kwamba katika Age of Empires II yupo mtawa ambaye humgeuza askari wa adui akawa wa upande wake. Hata hivyo kanuni ya bao inatambua jambo ambalo mchezo wa kompyuta hautambui kwa kila mwanakijiji, kwamba aliyeshindwa hafutiki. Lazima awekwe mahali. Lazima liwepo shimo la kumpokea. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi la 1972 na watoto wao, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Serikali nyingi tajiri hazijafanya hivyo kwa wingi huo. Sisemi bao ndilo lililotufundisha, bali nasema mchezaji wa bao hatalishangaa wazo lile.

Je, Inawezekana?

Atasalia mwenye kusema kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba ukimtia mkimbizi ndani yake hautafurahisha. Ushahidi upo wa kumjibu. Mwezi Novemba 2014 kampuni ya 11 bit studios ya Warsaw, Poland, ilitoa mchezo uitwao This War of Mine. Mchezaji haongozi jeshi. Huongoza raia wachache waliokwama katika mji uliozingirwa, wenye njaa, baridi na woga. Watengenezaji walivutwa na yaliyowapata watu wa Sarajevo kati ya 1992 na 1996. Mwaka 2016 ikaja nyongeza yake, The Little Ones, iliyoingiza watoto katika nyumba zile. Wahakiki wengi waliusifu mchezo huu, na wachezaji walioununua walikuwa wengi mno. Mwaka 2020 Serikali ya Poland ilitangaza kuuweka miongoni mwa kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari. Nchi iliyopigwa na vita ikaona kwamba mchezo unaweza kukaa kwenye rafu moja na riwaya.

Basi haiwi hoja tena kusema haiwezekani. Imewezekana kwa sababu waliouandika mchezo ule walikuwa watu wa nchi ambayo babu zao walijificha kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Waliandika vita kwa upande walioujua. Kibondo na Kasulu nazo zina upande zinaoujua, upande wa mwenyeji. Hakuna mchezo niujuao unaomweka mchezaji katika kijiji kilicho kando ya barabara, chenye visima viwili na shamba la maharage lisilotosha, akaambiwa kwamba kesho wanakuja watu elfu tano. Humo kuna mkakati mzito kuliko wa ngome, na saa yake kweli haisimami. Utagawa maji vipi? Kuni zitatoka wapi, na msitu utabaki? Mwizi mmoja akipatikana kati yao, utawahukumu wote? Mtoto wao akimshinda mtoto wako darasani, utafurahi? Wenyeji wa Buha wamecheza mchezo huo kwa miaka hamsini, mara wakishinda, mara wakishindwa na hasira zao, na hakuna aliyewaandikia kanuni.

Kwa Walimu na Wanafunzi

Mwalimu wa Kiswahili au wa historia anayetaka kulitumia somo hili hahitaji kompyuta. Anahitaji maswali matatu. La kwanza ni la fani: kanuni za mchezo huu zinagawa nguvu kwa haki? La pili ni la maudhui: nani anasimulia, na nani anasimuliwa? La tatu ndilo la kijana wa Makere: nani hana mahali pa kuwekwa? Wanafunzi wayatumie maswali haya kwa mchezo wowote walio nao, uwe wa simu au wa kete. Kisha wayatumie kwa riwaya wanayoisoma, na kwa shairi la mwandishi wa makala haya pia. Halafu waandike kanuni za mchezo wao wenyewe wa kijiji cha kando ya barabara. Wale wenye wazazi waliokuja kwa miguu watajua mengi ya kuongeza, mradi darasa lisiwalazimishe kusema wasilotaka.

Hitimisho

Tumeona kwamba wachezaji waliipima nyongeza ya 2015 kwa mizani ya nguvu, wakaikubali. Wahakiki waliipima kwa mizani ya haki ya kusimulia, wakaikosoa. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli, na zote mbili zilikubaliana bila kujua juu ya jambo moja, kwamba vita ni habari ya wanaopigana. Nyanda za Kasulu na Kibondo zinatoa ushahidi mwingine. Kwa kuwa mimi ni mshairi kabla ya kuwa mhakiki, nimalizie kwa ubeti mmoja ambao nilimwandikia yule kijana usiku ule mvua ilipokuwa haijaisha:

Mchezaji wa vitani, umehesabu mateka,
Umejenga ngome ndani, na kuta zimeinuka;
Nani yule wa njiani, mtoto amemshika,
Humo mwako ubaoni, hana shimo la kufika?

Kijana aliusoma asubuhi, akaukunja na kuutia katika daftari. Aliniambia kwamba mstari wa tatu ungemtaja na sufuria. Nimejaribu mara nyingi kuitia sufuria ile bila kuvunja mizani, na bado sijaweza.